Sasa, Zamani na Mtondogoo: Maoni Kuhusu Vitabu vya Kututambulisha Falsafa

Insha hii inahusu aina moja ya vitabu ambavyo wahakiki wetu wamezoea kuviacha kando kwa kuvidhania ni vyepesi: vitabu vinavyojipa kazi ya kumtambulisha msomaji wa kawaida kwa falsafa ya watu fulani, kwa kurasa chache na kwa lugha nyororo. Mimi naviona ni vizito sana, na uzito wenyewe unatokana na hali ya wanaovisoma. Mtu ambaye hatapata wasaa wa kujifunza Kichina atamjua Laozi kwa vitabu hivyo tu. Na mtu ambaye lugha ya nyumbani kwao haikupata kuingia darasani atajijua mwenyewe kwa vitabu hivyo pia. Jambo hili la pili ndilo lililonikalisha kuandika, ingawa nitaanza na lile la kwanza.

Huko Kakuma, ninakofika mara kwa mara kutoka Lodwar kwa shughuli za ufundishaji, nilipata kupekua sanduku la vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Baina ya vitabu vya hesabu vya shule za nje na riwaya za mapenzi zilizong'oka majalada, palikuwa na vitatu vya kuutambulisha Utao. Kijana mmoja aliyekuwa akinisaidia kuvipanga aliniuliza iwapo tao hilo ni la mlango au la mto. Nilimwambia kwamba ni neno la Kichina lenye maana ya njia, naye akasema kwamba kwa Kiswahili basi lingekuwa tarika. Sijaona katika vitabu vyote vitatu maelezo yaliyolikaribia jibu hilo kwa ubora. Neno tarika limebeba njia, mafunzo, mwalimu na kundi la wafuasi kwa pamoja, na limekaa katika miji ya pwani yetu miaka mingi pamoja na dhikiri zake.

Kimojawapo kati ya vitabu hivyo ni The Tao of Pooh cha Mmarekani Benjamin Hoff, kilichotoka mwaka 1982, ambacho kinamchukua dubu wa hadithi za watoto za Kiingereza na kumfanya kielelezo cha hekima ya Kichina. Ni kitabu cha kuchekesha na kimesomwa mno. Humo msomi amepewa sura ya bundi, ndege ambaye kwetu hana sifa njema hata kidogo, na msomaji anafarijiwa kwamba kutojua ni bora kuliko kujua. Ni faraja ya bei nafuu. Mtafsiri mwingine mashuhuri wa Laozi, Stephen Mitchell, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1988, hakuficha kwamba hajui Kichina na kwamba alitegemea tafsiri za waliomtangulia. Namheshimu kwa kusema kweli. Hata hivyo, sijui mhariri gani wa Kiswahili angekubali tafsiri ya Utendi wa Mwanakupona iliyofanywa na mtu asiyejua Kiswahili, na tungemwambia nini angekubali.

Kasoro kubwa zaidi ya vitabu hivi ni kwamba vinamtoa Laozi katika mabishano. Vinatuletea mzee mmoja aliyeketi juu ya nyati, akitoa kauli laini zisizopingwa na mtu. Ilhali ushahidi uliofukuliwa ardhini unasema jingine. Mwaka 1973 huko Mawangdui, katika kaburi lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, zilipatikana nakala mbili zilizoandikwa juu ya hariri, na ndani yake sehemu ya pili ya kitabu tukijuacho ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1993 huko Guodian vikapatikana vipande vya mwanzi vya kale zaidi, vyenye sehemu tu ya matini, tena kwa mpangilio mwingine. Kwa hivyo matini hii ilikua, ilipangwa na kupanguliwa, na watu waligombea maana yake. Sehemu kubwa yake inamsemesha mtawala: namna ya kutoza kodi, ya kuliweka jeshi, ya kutawala bila kuwachokoza watu. Aidha kuna dini nzima iliyosimama juu yake, yenye makuhani, toba na uganga, ambayo kwa mapokeo yake inahesabu mwanzo wake mwaka 142 baada ya Kristo kwa Zhang Daoling, na yenye mkusanyiko wa maandiko uliochapishwa mwaka 1445 ukiwa na vitabu vinavyokaribia 1,500. Hayo yote vitabu vya utangulizi huyapitia kwa aya moja, na mara nyingine huyaita ushirikina ulioingia baadaye. Kinachobaki ni ushauri kwa mfanyakazi wa ofisini aliyechoka.

Vyote vitatu vilisifu maji, kwani maji ni mfano unaopendwa katika matini hiyo: ni laini, huenda pahali pa chini, na hatimaye hukishinda kilicho kigumu. Wafafanuzi wetu wakahitimisha kwamba basi tuache mambo yajiendee. Nadhani wanawaza maji ya bomba. Huku Turkana maji huchimbwa. Kiangazi mtu hushuka ndani ya mchanga wa mto mkavu, akasimama mwingine juu yake, na mwingine tena, wakipokezana chombo kutoka mkono hadi mkono mpaka kimfikie mbuzi. Na Mto Kerio huweza kushuka usiku kutokana na mvua iliyonyesha nyanda za juu, ambayo hapana mtu wa huku aliyeiona wala kuisikia, ukazoa zizi pamoja na kilichomo. Msomaji wa Kerio akiambiwa aishi kama maji, atauliza: maji gani? Swali lake si la utani. Linamrudisha Laozi mahali pake, kwa mtu anayetafuta namna ya kumshinda mwenye nguvu kwa kutumia unyonge, jambo ambalo lina hatari na hesabu ndani yake.

Ni rahisi, lakini, kuwacheka Wamarekani. Rafu zetu wenyewe zina vitabu vya namna hiyo kuhusu sisi.

Hayati Profesa John Mbiti (1931–2019) hakuandika kitabu chepesi. African Religions and Philosophy, kilichotoka mwaka 1969 alipokuwa akifundisha Makerere, kiliwajibu waliodai kwamba Mwafrika hana dini wala fikra, na kiliwajibu kwa wingi wa mifano uliowanyamazisha. Nasema hivi mapema ili nisieleweke vibaya. Lakini kitabu kikishafundishwa kwa nusu karne, hutumika kama chemchemi ya vitabu vidogo, na vitabu vidogo huchota pahali pamoja tu. Kwa Mbiti pahali hapo ni ile sura ya wakati. Alichunguza njeo za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, akaamua kwamba kwa Mwafrika wakati una pande mbili: uliopo, na uliopita ulio mrefu mno, huku ujao ukiwa karibu haupo. Pande hizo akazipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani, na majina hayo ndiyo yaliyosafiri dunia nzima.

Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita jambo hili kimya. Neno zamani asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni wakati, wowote ule. Lilipopanda jahazi halikuwa na zamani yoyote ndani yake. Ni sisi wa pwani hii tulioligeuzia shingo nyuma. Mtu akitaka ushahidi wa wakati ujao tutampa kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, na kwa muda mrefu zaidi tutampa siku za usoni, zinazotukabili mbele ya nyuso zetu. Atasema kwamba mtondogoo ni siku chache tu, na kwamba mustakabali, kiyama na akhera ni maneno ya kuazimwa. Hayo yana uzito, nami sitayabeza, kwani Mbiti alizungumzia ujao wa mbali. Lakini ikiwa cha kuazimwa hakihesabiwi, basi zamani nayo itoke, na nadharia itabaki na mguu mmoja. Kuhusu kiambishi -ta-, wanaisimu wanakitoa katika kitenzi taka. Yaani ujao wetu ulianzia katika kutaka. Kiingereza nacho kimelipata neno lake la wakati ujao katika kitenzi cha kutaka, na sijasoma popote kwamba kwa sababu hiyo Waingereza hawana kesho.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, mzaliwa wa Kerio, aliniletea rasimu ya sura ya pili ya tasnifu yake kuhusu wakati katika masimulizi ya Kiturkana. Sura ilikuwa safi, marejeleo yamekaa sawa, na kiini chake kilikuwa kwamba Waturkana, kama Waafrika wengine, hawana dhana ya wakati ujao. Alikuwa hajamsoma Mbiti mwenyewe. Alimpata katika kitabu kilichomfupisha, nacho kilimnukuu katika kingine.

Nilimwuliza, "Nyumbani kwenu mbuzi akichinjwa, wazee hufanya nini na utumbo?"

Alicheka. "Huusoma, Mwalimu."

"Husoma nini humo?"

"Mvua. Maadui. Upande wa kuhamishia mifugo."

"Ya jana au ya kesho?"

Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa adabu neno ambalo limenikaa kifuani tangu siku ile. "Lakini hilo, Mwalimu, ni la nyumbani. Sikudhani linaweza kuingia katika sura ya nadharia."

Hapo ndipo madhara ya vitabu hivi yanapoonekana bayana. Kijana amekulia baina ya watu wanaoukunjua utumbo wa mbuzi na kuufuata kwa vidole kama ramani, watu ambao emuron wao huota yatakayotokea na kurusha makubazi chini ili kuyapima. Naye anaandika, kwa lugha sanifu na kwa marejeleo kamili, kwamba watu hao hawana kesho. Hakudanganya. Alitii. Alikwisha kufundishwa kwamba nadharia ni kile kilichochapishwa na kwamba ya nyumbani ni data, tena data ikigongana na nadharia ndiyo inayopisha.

Alijitetea kwa sarufi, na nilifurahi kuona anajitetea. Alisema kwamba kitenzi cha Kiturkana hutenga wakati uliopita na usiopita tu, na kwamba hakina umbo maalumu la ujao. Na tuseme ndivyo. Kijapani nacho hutenga vivyo hivyo, na Kifini hakina njeo ya wakati ujao. Kichina, lugha ya huyo Laozi tuliyeanza naye, vitenzi vyake havibebi njeo hata moja, si ya ujao, si ya uliopita. Na bado Wachina wameandika historia kwa zaidi ya miaka elfu mbili bila kukoma, na hapana mtangulizi wa falsafa yao aliyediriki kusema kwamba hawana jana. Kwa nini hoja ya sarufi huvuka Mto Kerio kwa urahisi hivyo na kukwama inapofika kwa wengine? Yamkini ni kwa sababu lugha zilizoandikwa huweza kumjibu mtu, na zisizoandikwa husemewa.

Si wakati tu uliotendewa hivyo. Mwaka 1956 Alexis Kagame wa Rwanda alichapisha utafiti wake juu ya falsafa ya Wanyarwanda, akazikusanya ngeli za Kinyarwanda katika makundi manne ya vilivyopo: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Aliijua lugha hiyo kwa ndani, aliwajua washairi wake, na alikuwa akijadiliana waziwazi na Aristotle. Miaka miwili baadaye, mwaka 1958, Mjerumani Janheinz Jahn akatoa Muntu, kitabu cha kumtambulisha msomaji wa Ulaya kwa utamaduni wa Afrika, akayachukua makundi yale manne na kuyatandaza juu ya Wayoruba, juu ya Haiti, juu ya muziki wa Wamarekani weusi. Kilichokuwa hoja kuhusu lugha moja kikawa hulka ya bara zima na watu wake waliotawanyika.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu ya Kiswahili angeweza kumzuia. Sisi tuna mtu na watu, lakini tuna mdudu na wadudu katika ngeli iyo hiyo. Tuna kitu na vitu, lakini tuna kipofu, kiziwi na kijana, ambao kwa umbo wamo humo na kwa upatanisho wa sentensi wametoka: kipofu amekuja, hatusemi kimekuja. Mtume ni mmoja, wakiwa wengi ni mitume, kama miti, na hakuna anayewadhania ni miti. Kama ngeli ingekuwa falsafa, mdudu angekuwa mtu na kipofu angekuwa kitu. Ukweli ni kwamba wasemaji wameupindisha upatanisho ili ukubaliane na wanachokijua kuhusu uhai. Yaani palipo na fikra ni pale wanapoivunja kanuni. Hilo lingefaa kitabu kizima, na ningekisoma.

Okot p'Bitek aliliona tatizo hili mapema na akalisema kwa ukali wake uliozoeleka. Katika kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika katika usomi wa Magharibi, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, anasimulia jinsi wamishenari walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno hilo kwa maana waliyoitaka, hivyo swali likageuzwa kuwa ni nani aliyewafinyanga. Baada ya kusumbuliwa sana, wazee wakataja jini anayesadikiwa kumpinda mtu uti wa mgongo, na jina lake likaandikwa katika vitabu vya ibada kuwa ndilo la Mungu. Vitabu vya utangulizi vina tabia hiyo: huja na swali lililokwisha kukamilika, nasi tunatafutiwa jibu la kulijaza.

Aliyejaribu tiba ni hayati Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye aliwaendea wazee mmoja mmoja, kwa majina yao, akawatenga wanaohifadhi hekima ya jamii na wale wanaoihoji. Kitabu chake Sage Philosophy cha mwaka 1990 kina thamani kwa sababu ndani yake mtu huweza kupingana na kabila lake. Lakini mahojiano hayo tunayasoma kwa Kiingereza, na pale mzee alipolipinda neno la kwao ili liseme jambo jipya, sisi tunaona neno la Kiingereza lililonyooka. Kwa maoni yangu, aliyelielewa tatizo hili kikamilifu zaidi ni Euphrase Kezilahabi. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1985 huko Wisconsin ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kisha alipotaka kufalsafa mwenyewe aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991) kwa Kiswahili, riwaya zinazomkatalia msomaji muhtasari. Wanafunzi wetu huzikwepa. Wanataka mwongozo, kama walivyozoeshwa shule za upili, ambako kila riwaya teule huwa na kijitabu cha kuieleza, na wengi huhitimu wakiwa wamekisoma kijitabu na kuiacha riwaya. Tabia ya kumkubali mtangulizi badala ya aliyetanguliziwa haikuletwa na Jahn peke yake. Tunaifuga wenyewe tangu kidato cha kwanza.

Nilimwambia mwanafunzi aiweke kando sura ya pili, aende Kerio, na asiwaulize wazee kuhusu wakati. Awaulize kuhusu mbuzi. Alikaa huko wiki tano chini ya mikoma, na aliporudi alikuwa na kanda nyingi na swali moja ambalo wazee wawili walikuwa wameligombania mpaka mmoja akainuka na kigoda chake. Mbuzi alikuwa ameonyesha wageni wabaya wakija kutoka upande wa kusini. Mzee wa kwanza alishikilia kwamba kilichoonekana katika utumbo kimekwisha kuondoka kwao, kiko njiani, na la kufanya ni kuhama. Wa pili alisema kwamba kingekuwa njiani mbuzi asingekijua, kwa kuwa mbuzi huonyesha kinachotaka kuja tu, na kinachotaka huweza kukatazwa; achinjwe mwingine, njia ifungwe. Wa kwanza akauliza: kama kinaweza kufungiwa njia, basi ulichokiona kilikuwa nini? Hapo ndipo wa pili alipoinuka.

Swali hilo wanafalsafa wa nchi nyingi wamelifia. Mwanafunzi aliliandika kwa Kiturkana, akalitafsiri kwa Kiswahili, akatumia kurasa kumi na moja kueleza vitenzi viwili tu, kile cha kuondoka na kile cha kutaka, na kwa nini mzee wa pili alikibadilisha umbo hiki cha pili katikati ya ubishi. Ndiyo sura bora kabisa niliyoisimamia. Tasnifu imerudi majuzi kutoka kwa mtahini wa nje ikiwa na maoni machache ya haki kuhusu tahajia, na moja, pambizoni mwa sura hiyo, linalotutaka tubainishe ni upi kati ya wazee hao wawili unaowakilisha mtazamo wa Waturkana. Mwanafunzi ameniuliza ajibu vipi, nami nimemwambia asikawie kujibu, ila amwombe mtahini kwanza aseme ni Mwingereza yupi anayewakilisha mtazamo wa Waingereza.